Msituambie ni Utamaduni, Tuulizeni Kwanza

 Wafanyakazi wa mashirika! Najua mko humu na mnasoma hata kama hamweki komenti. Leo ninyi ndio ninaowaandikia zaidi. Lakini vijana wenzangu msifurahi mapema, zamu yenu inakuja.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja Mrundi alinijia pale chumba cha kompyuta na simu yake mkononi. Amenipa ruhusa niandike habari yake bila jina, kwa hiyo msianze kuuliza inboksi ni nani. Ni mwanafunzi wa zile kozi za chuo zinazofundishwa hapa kambini. Mimi ndiye ninayeshika ufunguo wa kile chumba. Ni volontia: nafungua, nafagia vumbi (na vumbi la Kakuma mnalijua, ukifagia asubuhi saa nne limesharudi), nachaji laptopu, naandika mahudhurio, na mwalimu akikwama lugha ananiita nitafsiri. Mama alikuwa ametumiwa matokeo kwa Kiingereza, akataka nimsomee vizuri asije akawa ameelewa vibaya.

Alikuwa ameelewa vizuri. Ameanguka. Kazi zake za kuandika alipata alama za kutosha kabisa, moja hata ilisifiwa. Kilichomwangusha ni zile alama 20 za kuchangia darasani. Alipewa 3. Na chini yake kulikuwa na maelezo, ambayo nikiyageuza kwa Kiswahili yanasema hivi: mwanafunzi ni mnyenyekevu na anajitahidi, ila utamaduni wake haumruhusu kujieleza mbele ya wanaume, tunapendekeza apate mafunzo ya kujenga ujasiri.

Nilisoma mara mbili. Yule mama alicheka kwanza. Halafu akaniuliza, "Utamaduni wangu upi, kijana wangu? Wa Burundi, wa kanisa, au wa hapa kambini?" Mimi sikuwa na jibu.

Sasa wacha niwaambie huyu mama ni nani kwa sisi tunaomjua. Ni kiongozi wa bloku. Asubuhi saa kumi na moja, maji yakifunguliwa na watu wakianza kusukumana na madumu, anayeitwa ni yeye. Nimemwona kwa macho yangu akisimama katikati ya wanaume wanne, wawili wameshika fimbo, akawapanga kwenye foleni mmoja baada ya mwingine, na wakapangika. Mbele ya wanaume anaongea kila siku ya Mungu. Anaongea na wazee, na polisi, na wakubwa wa mashirika wakija na magari yao meupe. Ati huyo ndiye anayetakiwa kufundishwa ujasiri?

Hiyo ndiyo hasira yangu ya leo. Ninasema hivi: darasani mkiona mtu amenyamaza, neno utamaduni liwe la mwisho kutoka midomoni mwenu. Siku hizi ndilo la kwanza. Msomali akinyamaza, ni dini. Mkongomani akinyamaza, ni Kifaransa na uoga wa serikali. Msichana wa Sudan Kusini akinyamaza, ni mila za ng'ombe na mahari. Mturkana wa hapa hapa, ambaye hata si mkimbizi, akinyamaza, ni ufugaji. Kila mtu mmemshonea nguo yake ya kunyamaza. Hakuna aliyepimwa kwanza.

Najua mtaniambia, wewe volontia mwenye fomu foo, unajua nini habari za chuo? Ni kweli. Nimeomba nafasi mara mbili sijapata. Lakini nimekaa nyuma ya lile darasa karibu miaka mitatu, na mtu anayekaa nyuma anaona migongo ya wote. Tena karatasi mnazoziacha mezani mimi ndiye ninayeziokota, na kabla ya kuzitupa ninazisoma.

Nimesoma zile za somo la mawasiliano kati ya tamaduni. Kuna bwana Mholanzi anaitwa Geert Hofstede. Huyu alitumia majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi, yaliyokusanywa kuanzia 1967 mpaka 1973, akatoa kitabu chake mwaka 1980. Akazipa nchi namba: hawa wanaogopa wakubwa kiasi hiki, hawa wanajali kundi kuliko mtu mmoja kiasi kile. Nikatafuta Kongo kwenye lile jedwali, hakuna. Burundi hakuna. Sudan Kusini ilikuwa hata haijazaliwa, ilipata uhuru 2011. Kuna kitu kimeandikwa Afrika Mashariki, na ukichimba unakuta humo ndani wamewekwa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia, namba moja kwa wote. Mtu wa Addis na mtu wa Lusaka ni sahani moja! Na wote ni wafanyakazi wa IBM. Nani katika mama zetu aliwahi kufanya kazi IBM?

Mwingine ni Mmarekani, Edward T. Hall. Miaka ya 1950 alikuwa anafundisha wanadiplomasia wa Marekani kabla hawajatumwa nchi za nje, na kitabu chake cha kwanza kilichojulikana sana kilitoka 1959. Simtukani huyu mzee, kuna mambo ameyaona vizuri, kama jinsi watu wanavyopishana juu ya muda na umbali wa kusimama. Lakini angalieni ilikuwa ni elimu ya nani. Ya mtu anayekwenda kwa watu, ana tiketi ya kurudi, na anataka asiaibike akiwa huko. Sisi darasani kwetu nani ni mgeni na nani ni mwenyeji? Kuna Msudani, Msomali, Mkongomani, Mrundi, Muoromo, na Mturkana ambaye ardhi ni yake lakini mgao hana. Hakuna mwenye tiketi. Lile jedwali halikuandikwa kwa ajili ya chumba kama hiki, na mwenye kulitumia inabidi akumbuke hivyo.

Sisemi utamaduni haupo. Upo, na unaweza kukugonga kichwa siku yoyote. Nitawapa mfano ulionitoa jasho.

Alikuja msaidizi wa masomo, dada Mkenya kutoka Nairobi, kijana, amemaliza chuo juzi juzi. Mwanafunzi mmoja wa kwetu Kivu, mtu mzima mwenye adabu kuliko mimi, akanyoosha mkono akasema, "Yaya, naomba uturudilie hapo." Dada akaganda. Darasa upande wa Wakenya na waliosomea Kenya, kicheko. Dada akamjibu kwa ukali kwamba yeye si yaya wa mtu, yeye ni mwalimu. Kaka wa watu akakaa chini, uso umemshuka, hajui amekosa nini.

Si mnaona? Kwetu Kongo yaya ni mkubwa wako, dada au kaka, ni neno la heshima kabisa. Mdogo kwa umri akiitwa yaya ujue anapewa heshima ya cheo. Kenya na Tanzania yaya ni yule mtu wa kulea watoto nyumbani. Mtu alimpandisha mwenzake, mwenzake akasikia ameshushwa. Wakati wa mapumziko nilimfuata yule dada nikamweleza. Aliweka mkono mdomoni. Alirudi darasani, akamwomba kaka radhi mbele ya wote, akasema kuanzia leo naomba wote mniite yaya. Mpaka alipohamishwa tulimwita hivyo, na lile ndilo lilikuwa darasa lenye kelele kuliko yote niliyowahi kufungulia mlango.

Huo ulikuwa utamaduni kweli, na ulichukua dakika tatu kwa sababu kuna mtu aliuliza. Yule mama wa Kirundi hakuulizwa hata dakika moja kwa muhula mzima. Aliandikiwa tu.

Basi kama si utamaduni, alinyamaza kwa nini? Mimi nilikuwepo, na hapa ndipo zamu yenu inapofika, vijana wenzangu, na yangu pia.

Wiki ya pili ya muhula yule mama alizungumza. Swali lilikuwa juu ya maisha ya kambini. Alisimama, na mnajua ndugu zetu Warundi, akaanza kusimama tu ni heshima tayari. Akataka kusema kwa Kiingereza kwamba tunapanga foleni kuchukua mgao. Herufi r na l zikabadilishana viti, kama zinavyobadilishana kwa watu wengi wanaoongea Kirundi, na lile neno la kuchukua likatoka kama neno la kusahihisha. Ikawa ati sisi wakimbizi tunasahihisha chakula. Kijana mmoja pale mbele, wale waliosoma hapa tangu darasa la kwanza na Kiingereza kinamtoka kama maji ya tanki, akarudia kwa sauti. Darasa likacheka. Mwalimu alitabasamu kidogo, akasema asante, tuendelee.

Mimi nilicheka. Nilikuwa pale nyuma na daftari la mahudhurio, na nilicheka kabisa, si kwa siri. Ni mtu ninayekula kwake sikukuu.

Baada ya siku ile hakusimama tena. Alikuja kila kipindi, sahihi yake iko kwenye daftari langu, hata siku ile ya mafuriko ya lagga alikuja na viatu mkononi. Alinyamaza kwa kuchagua, kwa akili yake timamu, kama mtu yeyote anayejiheshimu. Sasa mwaandika ni mila za Burundi? Mila iliyomnyamazisha ilizaliwa Kakuma, ndani ya lile darasa, mbele ya macho yangu, na mimi ni mmoja wa waliozaa.

Na hatuwachekei Warundi peke yao. Tunacheka Kiswahili cha Kongo, ati batu na banafunzi. Wakongomani nao wakiwa peke yao wanacheka Kiswahili cha Wasudani kwamba kinaongea kama kinapanda mlima. Wasomali wanaambiwa hawajui p, wanasema b. Waliosomea Kenya wanawacheka wote, halafu wenyewe wakienda kuomba kazi Nairobi wanachekwa kwamba wana lafudhi ya kambi. Tunaita ni utani. Mimi napenda utani, nyumbani kwetu bila utani chakula hakishuki. Ila utani wa foleni ya maji una mahali pa kujibu. Mtu akinichekea pale nitamrudishia na lake. Darasani mwenye Kiingereza kidogo hana cha kurudishia, kwa sababu hata matusi inabidi ayatafute kwa Kiingereza.

Turudi kwenu wa mashirika. Hiki kitu mnachokiita kazi ya kikundi, mmewahi kukaa mkakiangalia mpaka mwisho? Mnahesabu watu: wewe Sudan, wewe Somalia, wewe Kongo, wewe Ethiopia, wewe mwenyeji, kaeni pamoja. Mnawapa karatasi kubwa na maka peni moja. Dakika tano. Mnazunguka mkipiga picha.

Mwenye maka peni ndiye mwenye serikali. Na maka peni inakwenda kwa nani? Kwa yule wa Kiingereza cha tanki. Anaandika anachojua yeye. Wanne wanatikisa kichwa. Mkipita mnaona vichwa vinatikisika, mnaandika ushirikiano mzuri kati ya jamii. Kumbe mmoja anatikisa kichwa kwa sababu ameelewa, wa pili kwa sababu anataka iishe, wa tatu bado yuko kwenye swali, na wa nne amekasirika tangu asubuhi kwa sababu jina lake mmeliandika vibaya mara ya sita.

Zile dakika tano mnazihesabuje? Chukueni yule mama. Wazo linazaliwa kwa Kirundi. Linapita kwenye Kifaransa, kwa sababu ndicho alichosomea alipokuwa msichana. Linavuka Kiswahili, alichokijua alipoishi Tanzania. Ndipo linafika Kiingereza. Hiyo ni mipaka mitatu. Ninyi mnajua wenyewe mpaka mmoja tu unavyochukua muda, na foleni yake, na maswali yake. Akifika na wazo lake, limechoka, lina vumbi, kikundi kimeshamaliza na kijana ameshabandika karatasi ukutani.

Na kuna jambo lingine ambalo ni la shule, wala si la kabila. Wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tulisoma kwa kuandikishwa. Mwalimu anasoma, wewe unaandika neno kwa neno, siku ya mtihani unamrudishia maneno yake yalivyo. Ukibadilisha umekosa. Leo unamwambia mtu huyo, toa maoni yako, usikubaliane na mimi. Anatafuta mtego uko wapi. Mwingine akinakili kitabu neno kwa neno akapewa sifuri ya wizi, wakati yeye alidhani anakiheshimu kitabu. Mambo haya yanafundishika kwa wiki moja. Ungemwonyesha tu: hapa tunafanya hivi, kwa sababu hii, na hii ndiyo namna ya kumtaja mwandishi. Lakini ukishaandika ni utamaduni wake, umefunga mlango na ufunguo umetupa, maana nani anaweza kubadilisha utamaduni wa mtu kwa muhula mmoja?

Hapo ndipo ninaposhuku neno lenyewe. Linawapumzisha. Kama tatizo ni mila zetu, basi ratiba haina tatizo, dakika tano hazina tatizo, alama 20 hazina tatizo, na ripoti inakwenda kwa wafadhili ikiwa safi.

Nimeshawasikia mkijibu. Wa kwanza anasema, Kiingereza ndiyo lugha ya kazi, tukiwaonea huruma hapa wataumia mbele. Kaka, nani amekataa Kiingereza? Ile karatasi ya mwisho iandikwe kwa Kiingereza, sawa, na isahihishwe vikali. Ninachoomba ni dakika kumi za mwanzo ambazo kila mtu anafikiri na kuandika kwa lugha anayoota nayo. Halafu maka peni ipite mikono yote, na yule anayejua Kiingereza zaidi awe wa mwisho kuishika na kazi yake iwe kutafsiri ya wenzake. Atajifunza zaidi huyo kuliko wote, maana kutafsiri bila kuongeza chumvi ni kazi ngumu, mimi nawaambia.

Wa pili anasema, mkiachiwa lugha zenu mtagawanyika kikabila, na hapa kambini tumeona damu. Hili silifanyii mzaha. Mwaka 2014 nilikuwa mtoto, tulilala na viatu. Najua kwa nini mnatuchanganya kwa kuhesabu. Lakini wacha niwaambie siku moja niliyoiona.

Umeme wa sola ulikufa. Projekta haiwaki, ndani joto la kuoka mkate. Mwalimu wa siku ile, mzee Mkenya, akasema tutokeni nje tukae chini ya mwarobaini. Somo lilikuwa migogoro kwenye sehemu za maji. Hana slaidi, hana cha kufanya, akasema kila mtu aeleze jinsi kwao wanavyoamua mtu akiruka foleni, kwa lugha yoyote, na aliye karibu atafsiri. Ilianza kwa kusuasua. Halafu mtu mmoja akauliza, nyinyi maji mnaitaje? Msomali akasema biyo. Mrundi akasema amazi. Mturkana akasema ngakipi. Kijana wa Kiarabu cha Juba akasema lake, ambalo linakaribia neno letu moyo, tukacheka wote pamoja naye, akacheka zaidi yetu. Kisha dada Mdinka akasema piu. Na kaka Mnuer aliyekaa upande wa pili wa mti, ambaye tangu muhula uanze hajawahi kukaa karibu na upande ule, akasema, na sisi ni piu.

Hakuna aliyelia, hakuna aliyekumbatiana, msinifikirie naandika sinema. Yule dada alisema tu, "Najua," na darasa likaendelea. Lakini kipindi kilichofuata walibishana wale wawili, kwa sauti, juu ya nani alipe faini dumu likipasuka, na walikuwa wanabishana kwa kusikilizana.

Na yule mama? Aliongea karibu dakika kumi. Kwa Kiswahili, akichanganya Kirundi, nami nikitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya wasiojua. Alieleza jinsi anavyopanga foleni: kwamba hamwulizi aliyeruka kwa nini umeruka, maana atajitetea mpaka jua litoke, anamwuliza aliye nyuma yake, "Wewe umemruhusu?" Ukweli unatoka mwenyewe. Wanaume wote walikuwa kimya wanamsikiliza, Wasudani, Wasomali, wote. Mwalimu alikuwa anaandika kwenye daftari lake. Kuna jambo jingine dogo: ilipofika saa nane yule mzee alisema kwa Kiingereza ni saa mbili, tukaanza kuhesabu pale chini ya mti ni nani anayehesabu saa kuanzia asubuhi. Waswahili, Warundi, na Waethiopia pia, kwao jua likichomoza ndipo saa zinaanza. Nusu ya darasa ilikuwa na saa moja na haikuwa inajua.

Mwisho wa mwezi nilipeleka mahudhurio ofisini. Nikaambiwa kipindi cha chini ya mti hakina alama za kuchangia kwa sababu hakikufanyika kwa Kiingereza na hakikurekodiwa kwenye mfumo. Mazungumzo bora kuliko yote ya muhula, kwenye karatasi hayapo. Kwa hiyo yule mama ana 3 kati ya 20.

UNHCR imeweka lengo kwamba ifikapo 2030, wakimbizi 15 katika kila 100 wawe wanapata elimu ya juu. Si miaka mingi iliyopita walikuwa wanasema ni mmoja tu katika 100. Namba imepanda na nashukuru, natamani siku moja niwe ndani yake. Lakini kiti kimoja cha kozi hapa kinagombewa na watu wangapi, ninyi mnaopokea maombi mnajua kuliko mimi. Mmempa mtu kiti kwa shida yote hiyo, amekuja na viatu mkononi, ameandika kazi zake usiku kwa tochi ya simu, halafu anaondolewa kwa sentensi moja juu ya utamaduni, iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kumwuliza, "Mama, mbona kimya?"

Nimemsaidia kuandika barua ya rufaa. Yeye alisema kwa Kirundi na Kiswahili, mimi nikaweka Kiingereza, na alinilazimisha nimsomee tena kwa Kiswahili kila mstari aone kama sijamwongezea maneno. Mstari mmoja niliuongeza kweli, akanifutisha. Anaomba mambo mawili tu: kile kipindi cha chini ya mti kihesabiwe, kwa sababu mwalimu alikuwepo na aliandika, na yale maneno ya utamaduni yaondolewe kwenye faili yake hata kama alama zitabaki vile vile. La pili ndilo alilokazania. Alisema alama anaweza kuzitafuta tena, lakini faili ya mkimbizi inamtangulia kila anakokwenda, na hataki iwe inamsemea uongo.

Barua ilipelekwa Ijumaa. Tumeambiwa tungoje.

Kwa hiyo wale mliokuwepo siku ile ya mwarobaini, mnajijua, tulikuwa kama ishirini na sita: kuna karatasi ya mashahidi kwenye meza yangu, chumba cha kompyuta. Inasema tu kwamba ulikuwepo na ulimsikia akizungumza. Andika kwa lugha yoyote, mimi nitatafsiri na utasomewa kabla haijapelekwa. Nipo kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, ya kwetu, mpaka Alhamisi saa kumi jioni. Yule kijana aliyerudia lile neno siku ile darasani alishakuja jana. Aliweka sahihi ya kwanza, juu ya yangu.